Blanketi la Kaka

Kaka yangu ni fundi makochi, na kwa visingizio hana mpinzani. Utotoni, mama akitaja ndoo tu, mgongo wa kaka ulianza kuuma. Maji nikachota mimi. Kufagia, mimi. Jioni mgongo umepona, yuko uwanjani anapiga mpira. Nilimpenda sana, lakini kinyongo kile kilinikaa rohoni.

Mimi ni mwendesha mashine ya moyo na mapafu. Daktari akiusimamisha moyo ili aupasue, mashine yangu ndiyo inayosukuma damu na kuitia hewa. Moyo ukianza kupiga wenyewe, tunazima, tunafungua mipira ya kupitishia damu, tunakwenda kunywa chai. Wodini hatukanyagi. Miaka kumi na moja sikuwahi kumwona mgonjwa wangu hata mmoja siku ya tatu baada ya upasuaji.

Mwaka jana kaka akabadilishiwa vali ya moyo. Kwa kuwa ni ndugu yangu, mashine aliiendesha mwenzangu: dakika mia moja na arobaini, mwili umepozwa. Siku ya tatu nikaenda kumjulia hali. Kajikunyata chini ya blanketi, anaongea polepole kama redio iliyoishiwa betri.

“Mdogo wangu, nasikia baridi. Miguu haina nguvu kabisa.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili alishatembea hadi dirishani na kurudi. Damu ikanichemka, nikaziona ndoo zote za utotoni.

“Acha kudeka, kaka. Hapa hakuna mama.” Nikavuta blanketi. “Simama.”

Akasimama. Akaenda hadi dirishani akishikilia vitanda vya watu, meno yakigongana, akarudi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Daktari wa wodi akanikuta koridoni, majibu ya damu mkononi. “Homoni ya tezi ya shingoni imeshuka sana,” alisema. “Si mambo ya mashine yenu hayo? Huenda ndiyo inayomlegeza, huenda ni uchovu wa upasuaji. Mwacheni apumzike, itapanda yenyewe.”

Nililijua hilo, kwamba mashine hushusha homoni hiyo, na mtu husikia baridi na kulegea. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Lakini nililijua kwenye karatasi tu, na aibu niliyoipata siwezi kuieleza. Nikarudi kumfunika na kumwomba radhi.

“Yaishe,” akasema.

Homoni ikapanda kweli. Kaka akarudi kwenye makochi yake, nami nikadhani yameisha.

Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu: kaka amevimba miguu, akilala pumzi zinambana, wiki ya tatu sasa. Nikaenda mbio. Nikamkuta karakanani anapigilia misumari, jasho linamtiririka.

“Wiki tatu, kaka! Mbona hukuniambia?”

Akaweka nyundo chini.

“Nilijua utaniambia nisimame.”