Mlio wa Pikapu ya Mwaitu

Mwaitu, mama yangu, hapigi honi akipita milima ya Kilungu. Wanawake wanaolima kwenye matuta wanaujua mlio wa pikapu yake tangu ikiwa mbali, na kabla hajafika kwenye kona huwa wameshuka na vikapu vya maparachichi. Akifika barabara ya Mombasa gari limejaa, na mnunuzi mwenye lori anamngoja.

Nilipolala chini ya gari hilo sikuwaza honi wala mlio. Niliwaza mlima. Pikapu ilikuwa imeanza kuishiwa nguvu kwenye mwinuko, na simu ikaniambia katalitiki imeziba. Ufundi wangu wote nimeusomea kwenye simu, na kila siku naogopa kwamba kuna video moja muhimu sikuiona. Katalitiki ni kopo la chuma kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi. Ndani lina kitu kama sega la nyuki, kinachosafisha moshi. Nikalikata, nikaweka bomba tupu mahali pake, kama wanavyofanya mafundi wengi wa huku. Nilichomelea kiungo, nikakisaga, nikachomelea upya. Hata hapo nilirudi tena na tena kukishika.

Pikapu ilipanda kama mbuzi. Lakini ilinguruma. Siku ya soko nilipanda na mwaitu, na kona ya kwanza hapakuwa na mtu. Ya pili pia.

"Labda wamepata mnunuzi mwingine," mwaitu alisema, macho barabarani.

Niliruka chini, nikapanda njia ya miguu mbio. Huko juu mama mmoja alikuwa ameketi kando ya kikapu kilichojaa.

"Mama, mbona hushuki?"

"Namngoja mama yako. Leo amechelewa."

"Si tumepita hapo chini sasa hivi!"

"Lile lilikuwa lenu? Mimi nilijua ni lori la mchanga!" Alicheka hadi akashika kiuno. "Fundi, nenda ulinyweshe gari lako dawa ya kikohozi."

Safari iliyobaki niliifanya nikikimbia na kuita kwenye matuta. Tulifika barabarani na nusu ya mzigo, na lori lilikuwa limeshaondoka. Maparachichi yaliyoiva tuliyarudisha nyumbani.

"Wataizoea," mwaitu aliniambia.

Mimi sikuweza kungoja waizoee. Nilitafuta katalitiki nyingine iliyo nzima, nikakata bomba langu nililolipendezesha hivyo, nikaifunga. Siku ya soko iliyofuata niliketi kando ya mwaitu, kucha mdomoni. Tulipokaribia kona ya kwanza, sauti ikatoka juu: "Ngojeni, naja!"

Mwaitu akasimamisha gari. Mimi nilikuwa nimetoa kichwa dirishani, nasikiliza kiungo cha nyuma. Kitu kilikuwa kinapiga filimbi, nyembamba sana.

"Unasikia hiyo?" nikamuuliza.

"Nasikia watu wanakuja. Shuka ufungue nyuma."

Nilishuka, nikafungua. Halafu, kabla kikapu cha kwanza hakijafika, nikainama kidogo kukichungulia kile kiungo chini ya gari.