Bwana Shamba wa Ukurasa wa Mwisho

Maktaba ya chuo chetu cha ualimu, juu kidogo ya mji wa Lushoto, ilikuwa chumba kimoja chenye meko ya ukutani. Wazungu waliijenga meko ile kwa ajili ya baridi; sisi tuliiziba kwa kabati la kadi. Nililipenda kabati lile kupita kiasi. Mwanafunzi akirudisha kadi pasipo pake, nilimwita mbele ya wenzake na kumwambia kwamba kitabu kisicho na kadi ni sawa na kitabu kilichoungua. Waliniogopa, na sitasema uongo, nilipenda waniogope.

Azimio lilikuwa limeshatangazwa na walimu walitakiwa haraka vijijini. Wanafunzi wangu walikuja wakiamini kwamba kilichopigwa chapa ni kweli, basi. Nikawafundisha maswali manne ya kukiuliza kila chanzo kabla ya kukitumia. Nani ameandika? Ameandika lini? Habari hizo alizipata wapi? Alikuwa akimwandikia nani? Waliyakariri kama Baba Yetu.

Mfano wangu wa chanzo kizuri ulikuwa ripoti moja ya kilimo ya wakati wa Mwingereza, yenye jalada la kijani. Ilieleza habari za matuta. Siku hizo serikali iliamuru kila shamba la mteremkoni lipigwe matuta ili mvua isichukue udongo, na asiyelima alishtakiwa. Ripoti ilikuwa na ramani, ilikuwa na majedwali, ilikuwa na muhuri. Nilikuwa pia na sababu yangu ya kuipenda, ambayo sikuwaambia wanafunzi. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, mwandishi alimshukuru bwana shamba Mwafrika wa Lukozi kwa taarifa za vijiji vya mbali. Jina hakulitaja, lakini bwana shamba wa Lukozi alikuwa mmoja tu, na mimi nilikulia nyumbani kwake. Alikuwa baba yangu.

Mwaka mmoja alikuwapo binti kutoka kijiji cha njia ya Mtae, mkimya, mwenye sweta la viraka viwili. Insha ya mwisho ilikuwa juu ya kilimo cha milimani, na aliyeanguka katika insha hiyo hakupewa cheti. Binti aliandika kwamba ripoti ya kijani inasema wanawake wa kijiji chake walikataa matuta kwa uvivu, na kwamba si kweli. Mama yake aliyalima. Masika ikaja, maji yakajaa katikati ya matuta, na mteremko mzima ukaporomoka pamoja na maharage yake. Baadaye akaitwa barazani kwa jumbe kwa kosa la kutolima, akafungwa siku kumi akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, aliandika, ndiye mimi. Mwisho wa insha, penye vyanzo, aliandika neno moja: mama.

Nilichukua wino mwekundu nikaandika, "Mama si chanzo." Nikampa alama za kumwangusha.

Kesho yake alikuja maktabani, akapiga goti, akaniamkia. Mkononi alikuwa na ripoti ya kijani. Aliiweka mezani polepole, akaifungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye zile herufi ndogo.

"Mwalimu, nimeuliza swali la tatu," alisema. "Mzungu alipata habari kwa huyu. Na huyu, mama anasema, mwaka ule hakufika kwetu."

Damu ilinipanda. Nilimuuliza mama yake angejuaje nani amefika na nani hakufika, mkulima mwenye kazi zake. Binti aliinamisha kichwa, lakini kidole hakukiondoa.

"Alimsubiri, mwalimu. Alitaka amwonyeshe mahali matuta yalipokuwa."

Nilimwambia aende darasani. Nilibaki na ripoti ile mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha niliona kwamba maswali yangu manne nilikuwa nimeviuliza vitabu vyote vya chumba kile, isipokuwa hicho kimoja.

Jumamosi nilipanda lori lililokuwa likienda kuchukua kabichi Lukozi. Nilimkuta baba shambani akichuma maharage, maana hata baada ya kustaafu hakuweza kukaa bure. Nilimpa shikamoo, tukaingia ndani, mke wake akatuletea bada, ugali wa muhogo, na mboga. Nilisubiri amalize kunawa, ndipo nikamuuliza.

Laiti angekasirika. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba masika ile njia ilizibwa na maporomoko mwezi mzima, na Mzungu alitaka taarifa kabla mwezi haujaisha. Akawauliza watu waliopita gulioni. Wakamwambia kule matuta hayaonekani. Naye akaandika: hakuna matuta. Neno la uvivu aliliongeza Mzungu mwenyewe.

Nilimuuliza kama alijua kwamba watu walifungwa kwa ajili ya mstari ule.

"Nilijua baadaye," alisema. "Ningesema nini, na karatasi imeshakwenda?"

Nilimchukia kwa muda ule, na nilimhurumia, na sikujua kipi kilikuwa kikubwa zaidi. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, jioni kwa jioni, kwa kutumia vijitabu vya kilimo. Nilimwambia nitabandika karatasi ndani ya ripoti kueleza kilichotokea. Aliendelea kuukausha mkono ambao ulikuwa umekwisha kukauka.

"Utaniandika, tate?" aliniuliza, akiniita baba, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo.

"Nitakuandika."

"Basi iandike na mvua."

Jumatatu nilipiga chapa karatasi nusu ukurasa na kuibandika pembeni ya mstari ule. Niliandika kwamba mtoa taarifa hakufika kijijini kwa sababu mvua ilifunga njia. Kwamba mkulima wa kijiji hicho anasema matuta yalilimwa na yakaporomoka. Kwamba vyanzo ni wao wenyewe wawili. Kisha nikatengeneza kadi mpya ya mama yule, nikaipanga kabatini chini ya neno Matuta, nyuma ya kadi ya ripoti. Katika insha, wino mwekundu haufutiki, kwa hiyo niliandika chini yake: nimekosea mimi. Nikasahihisha alama. Binti alisoma, akashukuru, akaomba ruhusa ya kuinakili ile karatasi akamsomee mama yake.

Baba hakuniuliza tena habari za ripoti mpaka alipofariki. Mimi niliendelea kuitumia kila mwaka katika somo la kwanza, karatasi yake ikiwa ndani. Nilipofika swali la tatu, hakukosekana mwanafunzi wa kuuliza huyo bwana shamba alikuwa nani.

Niliwajibu kuwa ni baba yangu. Halafu niligeukia ubao nikaandika swali la nne, maana sikutaka wanitazame usoni.