Shamba Lililowekwa Rehani Halitembei

Kabla sijaja Birmingham, hapa Uingereza, nilikuwa karani wa masijala ya ardhi katika mji mmoja mdogo kule kwetu Kenya. Kazi haikuwa na makuu. Mtu anataka kununua ploti, anakuja dirishani, nasi tunampekulia: ardhi ni ya nani, aliipata kwa nani, iko huru au imewekwa rehani. Siku hizi nahudumia wazee majumbani mwao, nawaogesha, nawakumbusha dawa, na ile kazi ya hati nilidhani nimeiacha pamoja na kiti changu kilichokuwa na mguu mmoja mfupi.

Ilinirudia kupitia kwa wifi yangu.

Wifi ni Mmarekani mweusi. Kaka yangu alikutana naye mtandaoni, na mpaka leo anapenda kuwaambia wageni kwamba alimpata kwa udanganyifu: alimwambia anaishi Birmingham, naye akadhani ni ile Birmingham ya kwao, mwendo mfupi tu wa gari kutoka kwa mama yake.

"Nilipogundua kuna bahari katikati," wifi humalizia, "nilikuwa nimeshampenda. Hasara yangu."

Kiswahili alifundishwa na mama yetu mzazi, kwa simu kwanza, halafu kwa ziara za Desemba, kwa hiyo anaongea kama bibi wa miaka sabini: taratibu, kwa heshima, na matusi yake yote ni ya jikoni. Wanaishi Great Barr, nyuma ya nyumba yao inapita barabara kuu, nayo huvuma mchana kutwa kama mtu anayesafisha koo lakini haongei. Mimi nakaa Selly Oak katika nyumba ya kupanga, kati ya wanafunzi. Jumamosi nisipokuwa zamu hupanda treni hadi mjini, halafu basi, nikale kwao.

Mwaka jana, majira ya kuchipua, nilimkuta wifi amefungua kompyuta juu ya meza ya jikoni, kando ya rundo la sukuma wiki aliyonunua Ladypool Road. Hakunisalimu vizuri.

"Wifi, wewe si ulikuwa mtu wa hati? Keti hapa unisomee."

Kila mwezi wa nane ukoo wao hukutana, watoto kwa wajukuu, na kila mwaka mtu husimama kabla ya chakula na kusimulia habari za mwanamke wa kwanza wanayemjua katika ukoo, aliyekuwa mtumwa, na binti yake. Hadithi ni fupi na mwisho wake ni neno moja wanalolisema wote pamoja: hawakutenganishwa. Mwaka huo walikuwa wameagiza jiwe la kumbukumbu. Juu yangechongwa majina ya mama na binti, na chini yake neno hilo. Ndipo kijana mmoja wa ukoo akauliza, bila ubaya, tumejuaje? Mama yake wifi, mzee wa miaka themanini na ushei aliyewahi kuwa mwalimu, hakukasirika. Alisema hatachonga juu ya jiwe kitu ambacho hajakitafuta. Vitabu vya hati vya kaunti yao vilikuwa vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Wifi ndiye aliyepewa kazi ya kuvipekua, na mchonga mawe alikuwa akisubiri neno.

Nikuelezee vitabu hivyo vilivyo, maana nami nilidhani navijua kabla sijavifungua. Ni vitabu vya umiliki wa mali, vilevile kama vyetu. Karani anaandika kwa mkono kwamba fulani amemuuzia fulani shamba, au amempa binti yake zawadi ya harusi, au ameweka rehani. Katika miaka ile ya kabla ya vita vyao vya kumaliza utumwa, mtu mweusi aliingizwa humo humo. Utasoma mipaka ya shamba, mti hadi jiwe, jiwe hadi kijito, halafu bila hata kubadilisha mstari: farasi jike, vitanda viwili vya manyoya, mashine ya kufumia, na msichana wa miaka kama sita. Mwandiko ni mzuri sana. Hilo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nikiutafuta mkono uliotetemeka, hata herufi moja, na haukuwepo.

Faharasa nayo ina majina ya muuzaji na mnunuzi tu. Aliyeuzwa hayumo, kama vile ploti haimo. Kwa hiyo ukimtafuta bibi yako, huanzi na jina lake. Unaanza na jina la aliyemmiliki, na kwa bahati, kama unaweza kuiita hivyo, jina hilo ndilo jina la ukoo wa wifi hadi leo.

"Polepole," nilimwambia. "Usisome kila kitu. Soma pande mbili za hati kwanza, anayetoa na anayepokea, halafu tarehe, halafu kilichohama. Ukichoka unisukumie."

Tulisoma Jumamosi kadhaa. Yeye alijifunza haraka, na mimi nilifurahi, nakiri, kuwa tena mtu anayeulizwa. Kaka alipita jikoni na kikombe chake.

"Wapelelezi. Mtakula lini?"

"Mboga iko motoni," wifi alisema.

"Iko motoni tangu asubuhi. Dada, mwambie mwenzio sukuma ni ya dakika tano. Hiyo ameiua mara mbili."

"Kwetu tunaipika mpaka itubu," wifi akamjibu, macho hayajatoka kwenye kioo.

Ni yeye aliyeiona hati yenyewe. Alisimama, akaanza kuosha majani yaliyokwisha kuoshwa. Nikavuta kompyuta. Lilikuwa lile jina la binti, jina ambalo si la kawaida na ambalo wifi mwenyewe amempa mtoto wake. Msichana wa miaka kama sita, pamoja na farasi na vitanda, anahamishiwa kwa mtu mwingine wa mji mwingine. Mama yake hayumo kwenye hati.

"Basi," wifi alisema kwenye sinki. "Walimchukua mtoto."

Nilisoma tena, na kifua changu kikajaa kitu kama raha. Nilijua nilichokuwa nakiona.

"Wifi, geuka. Hakuna aliyechukuliwa. Hii si hati ya mauzo, ni rehani. Yule bwana amekopa, ameandika mali yake kwa mtu wa kushikilia mpaka alipe. Mali inabaki pale pale ilipokuwa. Ndivyo tulivyowaambia watu kila siku: shamba lililowekwa rehani halitembei. Na tazama huku pembeni, karani ameandika miaka miwili baadaye kwamba deni limelipwa lote. Rehani imefutwa. Mtoto hakutoka nyumbani."

Aligeuka, mikono ikidondosha maji. "Una hakika?"

"Hii ndiyo kazi yangu."

Alimpigia mama yake pale pale. Sikuelewa kila kitu, Kiingereza cha kwao kina mwendo wake, lakini nilisikia mzee akicheka, kisha akisema Bwana asifiwe kwa sauti ya chini, mara nyingi. Tulikula ile mboga iliyotubu. Ilikuwa tamu.

Wiki ile sikukaa vizuri. Nilimvalisha mzee wangu mmoja soksi, akaniuliza kwa nini nimemvisha mbili mguu mmoja. Ndani ya treni nilisimama ilhali viti vilikuwepo. Kulikuwa na kitu nilichokiruka, na mwili ulikijua kabla ya kichwa. Pale masijala, ukiona rehani imefutwa, umemaliza. Unagonga muhuri, unaita anayefuata. Benki imelipwa, ardhi iko huru, imelipwa kwa kitu gani si shauri lako. Labda mtu aliuza ng'ombe.

Aliuza nini?

Siku yangu ya mapumziko nilifungua kitabu kile kwenye simu, chumbani kwangu, huku wanafunzi wakiburuta sanduku ngazini. Nilikwenda kwenye tarehe ya ule mwandiko wa pembeni, nikafungua kurasa za mbele na nyuma yake. Sikutafuta sana. Hati ilikuwa ya siku ile ile, bwana yule yule, mwandiko ule ule mzuri. Anauza mwanamke mmoja, mzima wa mwili na akili, mtumwa kwa maisha yake yote. Jina ni la mama. Peke yake.

Deni la mtoto lililipwa kwa kumuuza mama.

Niliketi na simu mkononi. Nilikuwa nimewasoma kama shamba. Nilikuwa nimechukua kanuni iliyo ya kweli kabisa kwa udongo na kuiweka juu ya watu, na ilikuwa imekaa vizuri mno, haikunikwaruza popote. Yule karani wa kaunti ndivyo alivyofanya pia. Sisemi tulikuwa sawa. Nasema sikupenda kujua jinsi ilivyo rahisi.

Nilimwambia kaka kwanza, kwenye maegesho ya hospitali anakofanya kazi. Aliegemea gari akapangusa uso.

"Dada, mzee alicheka. Ulisikia alivyocheka? Mwache na neno lake. Jiwe haliulizwi maswali."

"Yeye ndiye aliyeuliza."

"Aliuliza akajibiwa."

"Nilimjibu vibaya."

"Basi hilo ni tatizo lako," alisema, si kwa ukali. "Usilifanye liwe lake."

Nilitembea mpaka kituoni nikipima mambo yote mawili, kusema na kunyamaza, na kila nilipofika kwenye jibu la kaka niliona tena uso wa wifi ukiniuliza, una hakika? Alikuwa ameniuliza. Jumamosi nilifika mapema, kabla hajaweka sufuria.

Nilimweleza kama nilivyomweleza mara ya kwanza, polepole, pande mbili, tarehe, kilichohama. Nilimwonyesha kurasa zote mbili kando kwa kando. Hakulia. Aliweka kidole kwenye jina la mama, kisha kwenye jina la mtoto upande wa pili wa kioo, kisha akarudi, akarudi tena.

"Wewe ulisema halitembei," alisema.

"Nilisema. Nilikosea."

"Sikulaumu, wifi. Nataka tu kusikia ukisema tena, ili nimwambie mama ni nani alisema."

"Mwambie ni mimi. Nipe simu nimwambie mwenyewe."

Hakunipa. Alipiga simu akiwa amesimama, akaiweka mezani tusikie sote, na akaongea yeye. Kule ilikuwa asubuhi. Mzee hakumkatiza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Aliyetusimulia kwamba hawakutenganishwa, alikuwa nani? Mwanzoni kabisa?"

Wifi alifikiri. "Bibi yako ndiye aliyekwambia wewe."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Na mama yake."

"Ambaye ndiye huyo msichana wa kwenye karatasi," mzee alisema. "Yeye alikuwepo. Karani hakuwepo. Kwa nini aseme hivyo?"

Nikawa nimeshavuta kompyuta, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa mtu anapouliza swali la hati. Nilisoma jina la mnunuzi. Nililitafuta kwenye faharasa, nikapata shamba lake, nikasoma mipaka yake: mti, jiwe, kijito. Kijito kilikuwa na jina, na jina hilo nilikuwa nimelisoma. Nilirudi kwenye shamba la muuzaji. Mpaka wake wa mashariki ulikuwa kijito kile kile.

Wifi aliona uso wangu. "Nini?"

Nilisoma kwanza mipaka yote miwili tena. Safari ya kwanza nilikuwa nimeongea upesi.

"Mashamba yote mawili yanafika kwenye kijito kimoja," nilisema. "Hilo ndilo lililoandikwa hapa. Kama yanatazamana au moja liko mbali juu ya mkondo na jingine chini, sijui. Kama waliruhusiwa kuvuka, sijui. Hati haisemi, na mimi sitaisemea."

Wifi akatafsiri. Mzee akamwomba arudie jina la kijito.

"Mwambie huyo mtu wa ardhi anichoree hicho kijito," alisema. "Vijana wana miguu. Mwezi wa nane watakwenda kukitembea."

"Na jiwe, mama? Yule mchonga mawe anasubiri."

"Mwambie aondoe lile neno. Aweke majina tu." Kisha, kama mwalimu anayekumbuka jambo mlangoni: "Mstari mmoja. Yote mawili kwenye mstari mmoja."

Wifi aliandika ujumbe kwa mchonga mawe palepale, akausoma kwa sauti mara mbili kabla ya kuutuma. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Alikwenda akawasha jiko, akachukua kisu, akaanza kukata sukuma nyembamba, ya kwetu. Wifi alimtazama.

"Ya dakika tano?" alimuuliza.

"Leo nyinyi mna kazi."

Nilichora nyuma ya bahasha, halafu bahasha haikutosha, nikaomba karatasi. Mti, jiwe, jiwe, kijito. Nilichora shamba moja, nikachora la pili, nikazisogeza kingo mara nyingi kwa kifutio kwa sababu mkono ulitaka kuyasogeza mashamba karibu zaidi ya yalivyoandikwa, nami nikawa naurudisha. Nilipomaliza niliandika chini, kama tulivyofanya masijala kwa kila mchoro wa mkono, kwamba huu haukupimwa na mpima ardhi. Nikampa wifi aupige picha, na kabla hajaituma kwa mama yake nikauomba tena, nikatazama kama mashamba bado yako pale yalipoandikwa.