Kaka wa Steringi

Mie na dada yangu tumemfuatilia yule steringi wa filamu tangu tukiwa shule. Ni yule jamaa anayepita ukutani kama anayepita kwenye pazia. Filamu zake zote tuliziangalia kwenye banda la video la mtaani kwetu Temeke, zikiwa zimetafsiriwa. Dijei anapunguza sauti ya Kizungu, anaweka ya kwake, anatusimulia kila kinachosemwa. Kwa hiyo ilipotoka filamu ya kuturudisha nyuma, ya kueleza jamaa alikuwa nani kabla hajapata nguvu, tuliwahi benchi la mbele.

Mwanzoni nilifurahi. Kisha akatokea kijana mwembamba mwenye kigugumizi, na dijei akasema, "Huyu ndiye kaka yake wa damu."

Nikamgeukia dada. Filamu zote zile jamaa hajawahi kutaja kaka. Hata mama yake alipozikwa tulimwona amesimama makaburini peke yake.

"Kaka katokea wapi?"

"Tulia, tutaambiwa," dada akasema.

Tulichoambiwa kilinichanganya zaidi. Jengo likaporomoka, steringi akakimbia, akamwacha kaka yake chini ya kifusi. Yule kaka, kabla vumbi halijamfunika, akasema kwa sauti ya dijei, "Nenda, mdogo wangu. Mama asitukose wote wawili." Dada alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mie nilikuwa nimekunja uso.

Nashona viti vya sofa Keko, kazi inayoacha kichwa kikiwa huru, na wiki hiyo kichwa kilikuwa kwa dijei. Nilimshuku. Huyu ndiye aliyewahi kumfanya daktari wa Kichina aongee kama mtu wa Tandika. Nikajiambia yule kijana ni jirani tu, dijei kampa undugu ili tulie.

Dada anafanya kazi Kurasini kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na Kiingereza anakiongea kwenye simu kutwa nzima. Nilipomweleza, alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Basi twende mjini tukaione yenyewe," akasema. "Isiyokuwa na mtu katikati."

Tukaenda Jumamosi mchana. Ukumbi wa sinema ulikuwa na baridi, dada akininong'oneza sikioni. Yule mwembamba alipotokea tu, nikamgusa mkono.

"Ni kaka yake," akasema.

"Una hakika?"

"Wamesema wazi. Mama mmoja, baba mmoja."

Nilijisikia vibaya kidogo. Basi waliotuletea ndugu wa ghafla ni wenye filamu wenyewe. Kisha jengo likaporomoka. Kaka akafungua mdomo, vumbi likashuka, akafunikwa.

"Kasema nini?"

"Hajasema kitu."

Siku chache baadaye tulimfuata dijei kwenye chumba chake cha kurekodia, nyuma ya saluni moja Tandika. Ni mtu mzima, kanzu safi, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatukaribisha kwenye mkeka. Dada ndiye aliyeuliza.

"Yule kaka sikumleta mie," akasema taratibu. "Wamemtunga wao. Hadithi imewaishia mbele, wakarudi nyuma kuchimbua. Mie nimemkuta anakufa, hana hata neno moja. Mtu anamuagaje mdogo wake bila neno?"

"Lakini hakusema," nikasema.

"Hakusema. Nikamsemea."

Baadaye, tukiwa njiani, dada aliniambia hajutii machozi yake, na kama ni kuchagua, anachagua ile ya bandani. Mie filamu ile siitaki kwa namna yoyote. Mtu niliyemjua miaka yote wananiambia leo kwamba alikuwa na kaka na alimkimbia, na wanataka nikubali eti kwa sababu ilitokea zamani.

Ila kabla hatujaondoka kwa dijei nilimuuliza jambo moja zaidi. Kwenye ile filamu ya zamani, pale makaburini, steringi aliinama akamwambia mama yake, "Umenilea, sasa pumzika." Maneno hayo nami niliyarudia tulipomzika mama yetu.

"Yale yalikuwa ya kwake au ya kwako?"

Dijei aliweka kikombe chini, akafikiri.

"Zamani sana hiyo, mdogo wangu," akasema. "Sikumbuki."