Amri ya Kusawazisha

Dada yangu mkubwa ni mtunza kumbukumbu wa kituo kidogo cha redio. Vipindi vyote huvihifadhi winguni, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, na kipanya hakigusi. Hufungua dirisha jeusi la maandishi kwenye skrini, akaandika amri mstari kwa mstari. Watangazaji humwita Bibi Amri.

"Bibi Amri, hiyo mashine unaisemesha nini kutwa nzima? Sisi hata salamu hatupati."

"Yenyewe inasikia ikiambiwa mara moja," hujibu bila kugeuka.

Shemeji, mume wa dada, alipofariki aliacha sauti arobaini na moja alizojirekodi wodini: anatania wauguzi, anakohoa, anaimba vibaya. Simu yake ilishaharibika. Dada alikuwa nazo kwenye kompyuta yake, na nakala winguni. Mama mkwe wake, ambaye miguu haikumruhusu kufika wodini, aliomba jambo moja tu: azisikie. Dada akamwahidi Jumamosi.

Wiki hiyohiyo diski ya kompyuta ikafa, akawekewa mpya. Alhamisi, akiwa ametoka kusawazisha mafaili ya kazini, akaiandikia amri ileile folda ya shemeji, ili sauti zirudi. Vidole vikafuata mazoea: kutoka hapa, kwenda winguni. Hapa palikuwa patupu. Kwa mashine, kusawazisha ni kufanya pande mbili zilingane, basi na winguni pakawa patupu. Neno "imefutwa" likashuka mara arobaini na moja. Mafaili ya kituo aliyawekea kinga ya kurudisha kilichofutwa. Yake mwenyewe hakuyawekea.

Jumamosi nilimsindikiza. Mama mkwe alikuwa ameshakaa, amefunga madirisha ili kelele za barabarani zisiingie.

"Mama, nimezifuta," dada alisema akiwa bado mlangoni. "Sikukusudia."

"Zote?"

"Zote, mama."

Mama mkwe akapapasa kiti cha pembeni yake. "Kaa. Niambie wewe alivyosema."

Dada akamsimulia. Alizijua zote kwa mpangilio, hata ile ambayo shemeji alisema, "Mama akija, mficheni uji wa hapa, atawafukuza wapishi." Mama mkwe alicheka kidogo, akajifuta macho.

"Maneno nimeyapata, mwanangu," alisema. "Sasa alikuwa anayasemaje?"

Dada alijaribu kuiga sauti ya mumewe. Ikatoka ya kwake mwenyewe.