Garimoshi la Ubani

Sisi tuliokulia Kindu enzi za Zaire tulijua kutengeneza kitu kabla ya kujua kukinunua. Gari lilikuwa la mianzi, mpira wa matambara, mwanasesere wa gunzi la hindi, na kikivunjika unakaa chini unatengeneza kingine. Leo magoti yananiuma nikipanda kutoka mtoni, na mjukuu wangu ananiletea treni ya plastiki iliyovunjika kabla ya adhuhuri, ananiambia, "Bibi, nunua ingine." Ninachoka hata kabla ya kumjibu.

Wenzangu mnazikumbuka asubuhi zile. Bendera inapanda, tunaimba na kucheza kwa sifa za chama mpaka jasho linatuingia machoni, ndipo mwalimu anaturuhusu kufungua vitabu. Hata majina yalibadilishwa kwa amri ya chama. Nyumbani nilikuwa Asha, shuleni nilikuwa na jina la ukoo, refu hivi, ambalo mwalimu mwenyewe alilitamka akipumzika katikati. Jumamosi ilikuwa salongo, wakubwa kwa wadogo tunafyeka majani ya barabarani bila malipo na bila kunung'unika. Tukirudi tunakuta wali na sombe, majani ya muhogo yaliyoiva kwa mawese, na kwa njaa ile hakuna mtoto aliyeuliza nyama iko wapi. Hawa wa siku hizi huchagua chakula kama wageni wa hoteli.

Baba yangu alikuwa dereva wa garimoshi, lile la zamani la mvuke, katika njia ya Kindu kwenda Kabalo. Kisha macho yakaanza kumfifia. Kwanza aliona ukungu, halafu vivuli, mwishowe hakuona kitu. Wakamrudisha nyumbani. Akawa anakaa barazani, mikono juu ya magoti, na treni ikipiga honi kule stesheni anageuza kichwa kama aliyeitwa jina lake. Giza alilizoea mapema kuliko tulivyodhani. Lililomtesa ni jingine.

"Asha, mama," aliniambia siku moja, "sasa naanza kusahau mashini. Jana nimetafuta freni ndani ya kichwa yangu, sikuiona. Macho iende, lakini mashini isiende."

Dereva kusahau breki! Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nikamweleza kaka yangu Shabani, tukaamua kumtengenezea Baba garimoshi dogo, lenye kila kitu mahali pake, alishike kwa mikono ili lisimpotee. Mwili wake ungekuwa wa mabati ya mikebe. Lakini magurudumu, taa, kengele na vile vishikio vya ndani ni vitu vidogo mno kwa bati, na mti mwembamba ulikatika. Ndipo tukafikiria ubani.

Nasema ule ubani wetu wa msituni, utomvu mgumu ambao malori yalileta kutoka Punia na wanawake wakauuza sokoni umefungwa kwenye majani. Kila nyumba ya Kiislamu ilikuwa nao kwa ajili ya maulidi na hitima. Shabani alichonga kwanza gurudumu kwa mti laini. Mimi nikalipaka utomvu wa mpira kwa unyoya wa kuku, nikalianika kivulini, likikauka napaka tena, mpaka ngozi ya mpira ikawa nene. Tukaivua kama soksi, na hiyo ndiyo ikawa kalibu yetu. Ubani tuliuyeyusha katika mkebe wa sardini juu ya makaa, pamoja na nta ya nyuki kidogo ili usipasuke, tukaumimina polepole katika kalibu iliyopakwa mawese. Ukimimina kwa pupa, mapovu yanabaki ndani na gurudumu linatoka na mashimo kama limeliwa na mchwa. Ukizidisha moto, moshi unajaa jikoni na Mama anakuja na mwiko mkononi: "Ninyi watoto, munaita majini ndani ya jiko yangu?"

Kipimo alikitoa Baba. Kila hatua moja ya garimoshi kubwa iwe upana mmoja wa kidole gumba. Shabani, mtu wa haraka tangu tumboni, akatengeneza magurudumu yote kwa kupima na kidole chake mwenyewe. Baba alipoyapapasa alicheka mpaka akakohoa.

"Shabani, hii mashini itabeba nini? Kuku? Pima na kidole yangu, hapana yako. Yako ingali mutoto."

Tukayayeyusha, tukaanza upya. Tangu siku hiyo Baba alikitoa kidole chake kila jioni, Shabani anakiwekea alama juu ya mti kwa kisu, na Baba anakaa kimya kama mtu anayeshonewa kanzu. Na kila kipande tulichokitoa kwenye kalibu, chenye rangi ya chai, alikizungusha mkononi, na neno moja likamrudia. Akishika taa, anakumbuka mvua ya usiku iliyowakuta njiani. Akishika kengele, anamkumbuka mtia makaa wake aliyeimba kwa sauti mbaya. Freni nayo ilirudi. "Njo hii," alisema, kwamba ndiyo yenyewe, akaifumbata. "Njo hii kabisa." Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyoolewa. Vipande tuliviweka katika mkebe wa maziwa chini ya kitanda chake, tukingoja Shabani amalize mabati ili tuvipachike vyote pamoja.

Katikati ya masika Bibi Sakina, mama yake Baba, akafariki. Shangazi Zaina, dada yake Baba, akaja kutoka kijiji cha Tunda akiwa amechoka na matope mpaka magotini, na kazi ya kuandaa hitima ikawa juu yake. Barabara ya Punia ilikuwa imekufa, malori yamenasa, na sokoni hapakuwa na ubani hata wa kunusa. Nanyi mnajua hitima bila ubani ilivyo. Watu watakula wali wako, na njiani watakusema.

Siku ya hitima mimi nilikuwa shuleni, kwa maana mkubwa wa chama alikuwa anakuja na mazoezi ya nyimbo hayakujua msiba wa mtu. Niliporudi, harufu ilinikuta barabarani. Ubani, ndiyo, lakini ubani wenye nta ya nyuki. Nikakimbia. Niliingia nikaona chetezo katikati ya wazee wanaosoma, moshi umejaa mpaka darini, na kando yake mkebe wa maziwa umelala ubavu, hauna kitu.

Nikamtazama Baba. Alikuwa ameketi kati yao, ameinua uso, na pua yake inaufuata ule moshi. Alijua. Angeinua mkono tu, na pengine vingeokolewa viwili vitatu. Hakuinua. Aliinamisha kichwa akaendelea kusoma aliyoyahifadhi.

Wageni walipoondoka, Shangazi alikaa chini akifuta jasho, amejaa furaha. "Mungu njo ametusaidia. Nimekuta ubani chini ya kitanda, muntu ameukata muzuri, mviringo-mviringo, sawa biskuti!"

Shabani alitoka nje. Mimi nililia, na Shangazi akadhani namlilia Bibi, akanikumbatia.

"Umefanya muzuri, Zaina," Baba akamwambia. "Mama hakukosa ubani." Baadaye akaniita karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Imebaki kitu?"

"Hapana, Baba. Hata kengele."

"Basi. Imemusindikiza."

Garimoshi lile hatukulitengeneza tena. Malori yalipofika, Shabani alikuwa ameshakwenda Lubutu kutafuta kazi, na kalibu zilikuwa zimelainika na kushikana kwa joto. Baba hakulidai. Alichofanya ni kuniuliza mimi. "Asha, kamba ya honi iko mukono gani?" Namjibu, mimi ambaye sikuwahi kupanda kichwa cha treni. "Njo vile," anasema, na uso unatulia. Mwaka ukapita, maswali yakaongezeka. Mwishoni aliniuliza yeye alikuwa anafanya kazi gani, nikamwambia.

Sasa treni huja ikipenda, na majani yanaota kati ya reli bila salongo ya kuyafyeka. Wajukuu wanaona katika simu treni za dunia nzima, nyekundu, nyeupe, za mbio za ajabu, na hakuna hata mmoja anayeniuliza ile ya baba yangu ilikuwaje. Siwalaumu, wana vingi vya kutazama. Ila na mimi nimeanza kusahau. Majina yananitoroka, na juzi nimesimama jikoni nisijue nimefuata nini. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na mimi wa kuuliza. Mimi nitamuuliza nani?