Kikapu cha mama mkwe na zile newton za lab

Wakuu, habari za jioni. Hii ni yangu mwenyewe, na shahidi yuko hai, anakamua ng'ombe huko Boito. Nikiongeza chumvi atajua.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa physics Boito. Kwetu ni Sigowet. Nilimpenda Chelangat, msichana wa hapo karibu na shule, na kilichobaki ni koito, ile siku wazee wa pande mbili hukaa kukubaliana mahari.

Kwa hivyo nilikuwa namwogopa sana mama yake.

Jioni moja ya mvua, mizani ya kituo cha chai ikakatika springi. Lori liko njiani, na majani yakichelewa yanaharibika, kiwanda kinayakataa. Nikakimbia lab nikaleta spring balance kubwa ya shule. Nilijiona shujaa.

Wa kwanza kwa foleni alikuwa mama Chelangat.

Karani akaning'iniza kikapu, akasoma kwa sauti: "Mia moja na arobaini."

Mama siku zote hapiti kilo kumi na tano. Akainua mikono akamshukuru Mungu. Wanawake wakapiga vigelegele, jirani mmoja akaanza kumuuliza anatumia mbolea gani.

Hapo ualimu ukaniponza. Nikasema hizo si kilo, ni newton, mizani hii inapima force, gawanya kwa kumi. Najua ni 9.8. Wataalamu tulieni, tulikuwa tunanyeshewa.

"Sasa ni kilo ngapi?" karani akauliza.

"Kumi na nne."

Mama akateremsha mikono polepole. "Mwalimu, hiyo sifuri yangu umepeleka wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo nikimsalimia anajibu akiangalia ng'ombe, na koito inakaribia. Usingizi ulinipotea, wakuu.

Siku ikafika. Baba yangu, mwenye ng'ombe nane kwa jumla, ameketi vizuri na mursik yake, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwa kibuyu. Mjomba wa Chelangat akasimama, uso mkavu.

"Sisi tunataka ng'ombe sitini."

Baba akasahau kumeza. Mimi nikajua harusi imeenda na maji.

Mama Chelangat alikuwa anapita na kibuyu. Akasema bila kunitazama, "Mwalimu, hiyo ni newton."

Baba akaninong'oneza, "Newton ni ng'ombe ya aina gani?"

Sijawahi kugawanya kwa kumi haraka hivyo. Mjomba akashindwa kuzuia kicheko. Kumbe walikuwa wamepanga na mama tangu asubuhi.

Tulipeleka sita.

Funzo langu ni moja. Hesabu ya mama mkwe hairekebishwi mbele ya watu, mnong'oneze karani. Hadi leo nikimpelekea sukari anaipima kwa mkono kwanza, kisha ananiuliza, "Hii ni kilo, ama ni ile yako?"

Haya, mliooa huku kwa chai, nyinyi mliponzwa na nini kwa wakwe? Semeni yote, ila ile 9.8 mniachie.